Indri na kuvu ya jani

Indri ndiye lemuri mkubwa kuliko wote waliobaki Madagaska. Hana mkia wa kutajika, na sauti yake husikika umbali wa zaidi ya kilomita mbili katika misitu ya mvua ya mashariki mwa kisiwa. Ni ndugu wa mbali wa komba wetu, naye yumo hatarini kabisa kutoweka, kwa kuwa misitu yake inafyekwa na kuchomwa, na yeye mwenyewe anawindwa kwa nyama. Lakini majani anayotafuna nayo yana wakazi. Ndani ya majani ya misitu ya tropiki huishi kuvu zisizoonekana kwa macho, mara nyingi aina kadhaa katika jani moja, na jani lisionyeshe dalili yoyote ya ugonjwa. Ukiuliza nani alindwe kati ya hawa wawili, wengi watamtaja indri kabla hujamaliza swali. Naona jibu hilo linatoka machoni zaidi kuliko kwenye ushahidi. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi na miche ya kakao Panama walionyesha kwamba majani yenye kuvu hizo yaliumia kidogo kuliko yasiyo nazo yaliposhambuliwa na vimelea. Hata hivyo, kufikia 2020 lemuri wa aina 107 walikuwa wamekaguliwa, 103 wakaonekana kutishiwa. Kuvu, zinazokadiriwa kufika aina milioni 2.5, zilivuka 1,000 kwenye Orodha Nyekundu ya dunia, inayopima hatari ya viumbe kutoweka, mwaka 2025 tu.

Mtu atasema kuvu husambaa kwa spora, chembe ndogo za uzazi zipeperushwazo na upepo, hivyo haziwezi kwisha. Kwa zile zinazoishi katika miti ya kila namna, sawa. Nyingine huchagua mti, na mimea mingi ya Madagaska haioti penginepo. Mti ukiisha, spora hizo zitatua wapi? Hoja nzito zaidi ni kwamba ukimlinda indri umelinda msitu, na kuvu zimo humo. Ni kweli, ila ni kwa sababu indri hastahimili kufugwa: hana njia ya kuokoka nje ya msitu wake. Lemuri mwenye mkia wa pete, ambaye naye yumo hatarini, huzaliana vizuri katika bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Anaweza kudumu huko vizazi na vizazi, akila karoti, huku miti ya kwao ikiteketea pamoja na kila kilichoishi ndani ya majani yake.