Magavana Wawili wa Nchi ya Chai na Serikali Walizozibana

Agosti 8, 2017, wapiga kura wa Kericho na Bomet walipanga foleni siku moja. Kaunti zao zinapakana, lugha yao ni moja, na majani chai yao huishia katika mnada ule ule wa Mombasa. Lakini uamuzi waliotoa haukuwa mmoja. Kericho ilimrudisha Profesa Paul Chepkwony afisini kwa muhula wa pili, kwa tiketi ya Jubilee. Bomet ilimwangusha Isaac Ruto na kiti kikamwendea Joyce Laboso, naye wa Jubilee.

Magavana hao wawili walikuwa wameanza safari pamoja mwaka 2013, kwa tiketi ya chama cha URP. Kila mmoja alipata sifa ya kuibana serikali juu ya haki na uwajibikaji. Tofauti ni kwamba Chepkwony aliibana serikali ya London, na Ruto akaibana ya Nairobi.

Ruto ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana. Katiba inataka kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, naye mwaka 2014 akaanzisha kampeni ya kura ya maamuzi aliyoiita Pesa Mashinani, akitaka kiwango hicho kipande hadi asilimia 45. Hoja yake haikuwa ngumu kueleweka Bomet. Hospitali na barabara za vijijini zilikuwa zimekabidhiwa kaunti, lakini fungu kubwa lilikuwa bado linakaliwa na wizara jijini.

Ugumu ulikuwa kwingine. Naibu wa Rais wakati huo alikuwa William Ruto, mwana wa Bonde la Ufa, na katika mikutano ya siasa ya eneo hilo wimbo ulikuwa mmoja: serikali ni yetu. Gavana aliyeipinga alionekana kama anayempinga ndugu mezani. Isaac Ruto hakurudi nyuma. Alianzisha Chama Cha Mashinani, na Aprili 2017 akapanda jukwaa la Uhuru Park jijini Nairobi akiwa kinara wa tano wa muungano wa upinzani, NASA, pamoja na Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Moses Wetang'ula. Mwaka huo huo, katika uwanja wa Silibwet karibu na mji wa Bomet, alijeruhiwa usoni na mkebe wa gesi ya kutoa machozi. Gavana aliyeko madarakani alipigwa na kombora la polisi ndani ya kaunti yake mwenyewe. Bado hakuvuna kura za huruma.

Chepkwony alichagua mlango mwingine. Kesi aliyoibeba ina umri wa zaidi ya karne moja. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakoloni walimega kiasi cha ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis na kuwapa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mradi ukafa. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia, na Kericho ikavikwa majani chai. Ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ndio uliotwishwa adhabu kali zaidi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha, na mamia yao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto, mbung'o na malaria. Waliosalia walirejea miaka ya 1960 na kukuta mashamba yao ya zamani yana wenyewe.

Serikali ya kaunti ya Kericho ilikusanya ushuhuda na sahihi za zaidi ya watu 100,000. Iliajiri mawakili wa Uingereza, akiwemo Karim Khan kabla hajawa Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali madai ya Wakipsigis na Watalai, ikapendekeza Uingereza iombe radhi na mashamba ya kampuni yapimwe upya. Kampuni zikakimbilia mahakamani kupinga. Mwaka 2021 wataalamu sita wa Umoja wa Mataifa waliiandikia London, wakitaja zaidi ya watu nusu milioni wa eneo la Kericho walioathirika. Agosti 2022 kesi ikafikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mjini Strasbourg, ikitajwa kiasi cha dola bilioni 200.

Jibu la Uingereza limekuwa la maneno ya kupimwa. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa waathiriwa 5,228 wa enzi ya Mau Mau pauni milioni 19.9, lakini Kericho haikuwa katika hesabu hiyo. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 alieleza masikitiko makubwa kuhusu ukatili wa enzi ya ukoloni. Radhi rasmi hakuomba.

Kwa Chepkwony, kudai haki ng'ambo hakukumgharimu kura nyumbani. Mzungu wa 1934 hana wajumbe katika kata za Kericho, wala hagawi nyadhifa wala barabara. Kila mwanasiasa, awe wa chama tawala au wa upinzani, angeweza kusimama upande wa Watalai bila kumkasirisha mkubwa yeyote wa Nairobi. Hilo halipunguzi uzito wa madai yenyewe. Linaeleza tu kwa nini kesi ya mbali ilipata gavana wa kuibeba.

Wafanyakazi wa mashamba nao wameijaribu njia ya ng'ambo, na imewarudisha nyumbani mara mbili. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipoingia katika mashamba ya Unilever huko Kericho, watu saba waliuawa. Wafanyakazi na jamaa zao 218 waliishtaki kampuni mama mjini London. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua kwamba kesi haiwezi kuendelea dhidi yake. Wachumaji wa Finlays waliodai migongo yao imeharibiwa na kazi walifika hadi Edinburgh, na mwaka 2023 majaji wa Scotland wakaisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza mfumo wa fidia wa Kenya.

Basi tuutazame mfumo huo wa nyumbani. Februari 2023 BBC ilirusha filamu ya uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa na kampuni mbili kubwa za Kericho. Anayejua kazi hiyo haulizi iliwezekanaje. Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, hurusha konzi nyuma ya bega kapuni, kisha hubeba mzigo hadi kwenye mizani. Hulipwa kwa kilo. Msimamizi ndiye anayemgawia eneo la kuchuma, ndiye anayesimama karibu na mizani, na neno lake ndilo linaloamua kama kesho ataitwa kazini.

Mwakilishi wa Wanawake wa Kericho, Beatrice Kemei, alilipeleka suala hilo Bungeni, na Naibu Spika Gladys Shollei akaiagiza kamati ya leba ichunguze. Kampuni zilisimamisha kazi baadhi ya wahusika. Lakini mwaka 2024 mkandarasi mmoja aliyetuhumiwa katika filamu hiyo alichaguliwa na wakulima kuwa mkurugenzi wa kiwanda kimoja cha chai cha Kericho. Uchaguzi huo ulizua ghadhabu kitaifa.

Katika bunge la kaunti, uwajibikaji ulikwama kwenye hesabu. Oktoba 2024 wawakilishi wadi 31 kati ya 47 wa Kericho walipiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai, mrithi wa Chepkwony. Theluthi mbili ya 47 ni 31 na sehemu ndogo, na Seneti ikasema 31 hazitoshi. Madai dhidi ya gavana hayakusikizwa. Agosti 2025 wakarudi na kura 33, safari hii ubishi ukahamia kwenye upigaji kura wa kielektroniki, na Seneti ikaitupa tena hoja kabla ya kuyasikiza madai yenyewe. Gavana alikanusha makosa. Mwananchi wa Kericho hakupata kujua ukweli uko wapi, kwa sababu mara zote mbili kesi iliishia mlangoni.

Isaac Ruto, kwa upande wake, alirudi katika kambi ya William Ruto kabla ya uchaguzi wa 2022, akautafuta tena ugavana wa Bomet, akashindwa. Baadaye aliteuliwa kuwa kamishna wa Tume ya Huduma za Mahakama. Bomet ilipoteza mpinzani wake mwenye sauti kubwa kuliko wote, na hadi sasa hajatokea wa kuivaa kofia hiyo.

Na kazi ya mpinzani ipo. Katiba ya 2010 ilifupisha mikataba ya ardhi ya miaka 999 iliyoshikwa na wageni, ikawa miaka 99, ambayo ikihesabiwa kuanzia Agosti mwaka huo inafika 2109. Hapa Uingereza haina sauti. Masharti ya mikataba hiyo, kodi inayolipwa kila mwaka na hatima ya mapendekezo ya 2019 yote yako mikononi mwa Nairobi. Mbunge au seneta wa Kericho atakayesimama kuuliza kampuni zinalipa kiasi gani kwa ekari, na fungu la kaunti ni lipi, atakuwa anaiuliza serikali ambayo wapiga kura wake, tangu William Ruto awe rais mwaka 2022, wanaiita yao kuliko wakati mwingine wowote.