Kupanda Pamoja, Kushuka Pamoja: Safari ya Mlimani katika Malezi ya Vijana

Likizo ya mwezi Juni inapokaribia, parokia nyingi huandaa kambi, hija na semina kwa ajili ya vijana wa shule za sekondari. Vipo pia vikundi vinavyochagua kupanda mlima. Mzazi anapoletewa barua ya kuomba ruhusa na mchango, swali lake la kwanza ni la haki: kuna faida gani ya kiroho katika kumchosha mtoto kwa siku nne kwenye baridi? Swali la pili ni zito zaidi: je, atarudi salama? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo mawili kwa pamoja, maana wote walioshika dhamana ya vijana mlimani wanajua kwamba jibu lake ni moja.

Mlima katika Maandiko Matakatifu

Kanisa halikuanza leo kuwapeleka watu mlimani. Musa alipokea Amri katika Mlima Sinai. Nabii Eliya alikwenda hadi Horebu, lakini tusisahau alikwendaje (1 Fal 19). Njiani alichoka hata akatamani kufa, akalala chini ya mti. Malaika hakumkemea kwa uchovu wake. Alimwamsha ale na kunywa, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale tena, ndipo safari ikaendelea. Kabla ya kuisikia sauti ya Mungu mlimani, nabii alipewa mkate, maji na usingizi.

Katika fumbo la Kung'ara kwa Bwana, Mtume Petro alipendekeza kujenga vibanda vitatu ili wakae huko juu (Mt 17). Haikuwa hivyo. Bwana alishuka pamoja na wanafunzi wake, na bondeni wakamkuta baba mwenye mtoto mgonjwa akiwasubiri. Kwa Mkristo, basi, kilele ni mahali pa kupita. Neema inayopokelewa juu hupimwa kwa namna tunavyowahudumia walio chini.

Watakatifu waliopenda milima

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa kuwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Mtakatifu Carlo Acutis, alikuwa kijana wa Torino, Italia, mwanafunzi wa uhandisi wa migodi na mpanda milima hodari. Aliwaongoza rafiki zake katika milima ya Alpi, na siku za kawaida aliingia katika nyumba za maskini na wagonjwa wa mji wake. Alifariki tarehe 4 Julai 1925 kwa ugonjwa wa polio, akiwa na umri wa miaka 24. Ndipo familia yake ilipoona umati wa maskini waliokuja kumzika, watu ambao haikujua kwamba alikuwa akiwahudumia.

Mtakatifu Yohane Paulo II naye, alipokuwa bado Padre Karol Wojtyła huko Kraków, aliwachukua vijana kwenda milimani na mitoni. Serikali ya kikomunisti haikuruhusu mapadre kuongoza vikundi vya vijana, hivyo vijana wale walimwita mjomba. Mwaka 1958 alikuwa katika safari ya mitumbwi na rafiki zake alipoitwa kupewa habari za kuteuliwa kwake kuwa Askofu Msaidizi. Miaka 32 baadaye, Septemba 1990, alifika Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, katika ziara yake ya kitume nchini Tanzania.

Mwili una sheria zake

Tuuchukue Mlima Kilimanjaro kupitia njia ya Marangu kuwa mfano. Lango la Marangu liko takriban mita 1,860 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza wapandaji hupita katika msitu wenye mbega na miti iliyovikwa kuvumwani, hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720. Siku ya pili msitu huisha, hufuata vichaka na uwanda wa baridi, hadi vibanda vya Horombo, mita 3,720. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kiko mbali bado, na hewa ya huko ina takriban nusu tu ya oksijeni ipatikanayo usawa wa bahari.

Mwili wa binadamu unaweza kuzoea hewa nyepesi, ila hauzoei kwa haraka. Kuanzia mita 2,500 hivi mtu yeyote anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida na usingizi wa kukatika katika. Ujana si kinga. Nguvu za mpira wa miguu si kinga. Mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye huumia zaidi, kwa kuwa huenda mbio na huona aibu kusema.

Ushauri wa madaktari ni huu: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya mapumziko. Msomaji aliyefuata hesabu hapo juu ameshaona tatizo. Kutoka Mandara hadi Horombo ni mita 1,000 kwa siku moja. Ndiyo maana wengi hukaa Horombo usiku wa pili kabla ya kuendelea, na ndiyo maana wageni wa mlima husikia neno moja mchana kutwa: polepole.

Zipo dalili zisizosubiri asubuhi. Mtu anayepepesuka kama mlevi, anayesema maneno yasiyoeleweka, au anayehema hali ameketi ametulia, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Akidhaniwa kupepesuka, mwambie atembee katika mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, usibishane naye, mshushe. Dawa ya kutuliza maumivu inaweza kuficha kichwa kinachouma, lakini tiba yenyewe ni kushuka.

Uji uliobaki kikombeni

Miaka kadhaa iliyopita, mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa walezi walioandamana na kikundi cha vijana wa parokia hadi Horombo. Kilele hakikuwa katika mpango wetu. Tulikusudia kulala Mandara usiku mmoja, Horombo usiku mbili, na siku ya tatu kutembea hadi kwenye miamba yenye mistari ya rangi nyeusi na nyeupe, karibu mita 4,000, kuadhimisha Misa Takatifu karibu na hapo na kurudi vibandani.

Jioni ya siku ya pili, binti wa kidato cha tatu aliketi pembeni na kikombe cha uji. Mlezi alipouliza kama wote ni wazima, aliitikia pamoja na wenzake kwamba ni mzima. Mwenzake wa kitanda cha jirani ndiye aliyekuja kusema, kwa sauti ya chini, kwamba uji ule haukunywewa, na kwamba chakula cha mchana pia alikitupa. Tulipomwita kando, alilia kwanza. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu saa sita mchana. Hakusema kwa sababu Jumuiya Ndogo Ndogo ya kwao ilimchangia fedha za safari, na mama yake alikuwa amewaahidi wanajumuiya kwamba ataleta picha kutoka juu.

Usiku ule mlezi wa kike alikesha naye, akimwamsha na kumwangalia. Alfajiri hali haikuwa mbaya zaidi, lakini haikuwa nzuri. Mlezi huyo na mwongozaji mmoja wa mlima wakashuka naye hadi Mandara. Kabla hawajafika, kichwa kilikuwa kimepungua, na mchana alikula.

Ni lazima tukiri kosa letu. Tulipanga ratiba kwa kuangalia fedha na siku za likizo, tukapandisha vijana mita 1,000 kwa siku moja. Tulikuwa tumefundisha nyimbo, sala na namna ya kufunga mizigo. Hatukuwa tumefundisha kwamba kusema ninaumwa si kuwaangusha waliokuchangia. Mchango wa jumuiya ulikuwa wa kumpeleka na kumrudisha. Sisi wakubwa, kwa kuzungumzia picha na heshima ya parokia, ndio tuliomfanya aogope.

Kundi lililobaki juu nalo lilijifunza. Wapo walionung'unika kwamba safari imeharibika. Mwongozaji mkuu, mzee wa Marangu, aliwauliza ni nani kati yao angependa kuwa amelala chini akiwa mgonjwa huku wenzake wakimlaumu. Hakuna aliyejibu. Siku ya nne tulishuka hadi Mandara, binti yule akawekwa mbele ya mstari ili wote wafuate mwendo wake, na hivyo tukatoka langoni kundi zima.

Mambo ya kupanga kabla ya safari

Kutokana na hayo, walezi na wazazi wazingatie mambo machache.

Kwanza, mlima uchaguliwe kwa kadiri ya vijana. Kwa kundi linaloanza, matembezi ya Mandara na kreta ya Maundi iliyo jirani yanatosha sana. Milima ya Usambara na Uluguru, ambayo haifiki mita 2,700, ina misitu, maporomoko na ukimya wa kutosha kwa sala, na hatari ya mwinuko ni ndogo mno.

Pili, mzazi atoe ruhusa kwa maandishi na aeleze kwa ukweli afya ya mtoto: pumu, selimundu, kifafa, mzio na dawa anazotumia. Kijana mwenye selimundu au ugonjwa wa moyo asipandishwe bila idhini ya daktari.

Tatu, ulinzi wa watoto hausimami langoni. Pawepo walezi wa kike na wa kiume, malazi ya wasichana na wavulana yatenganishwe, na mtu mzima yeyote asikae faraghani na mtoto mmoja. Mlezi mmoja atembee mwisho daima, na idadi ya walezi itoshe kiasi kwamba mgonjwa akishushwa, waliobaki wasikose wa kuwaangalia.

Nne, baridi isidharauliwe. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nguo ya pamba ikilowa haikaushwi kirahisi na hunyonya joto la mwili, kwa hiyo kila kijana awe na koti la mvua, sweta na soksi kavu za kulalia.

Tano, wagumu wanaobeba mizigo yetu ni ndugu zetu. Walipwe haki yao, mizigo isizidishwe, na vijana wajue majina yao. Takataka zote zishushwe, wala moto usiwashwe ovyo. Mwezi Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la vichaka vya mlima huu, na maji yanayoshuka katika mifongo ya migombani hutegemea msitu ulio juu.

Jibu moja kwa maswali mawili

Tunarudi kwa mzazi mwenye barua mkononi. Faida ya kiroho ya mlima ni kwamba humfundisha kijana, kwa miguu yake mwenyewe, kuenda mwendo wa aliye dhaifu, kusema ukweli juu ya udhaifu wake, na kugeuka nyuma bila kuona haya kwa ajili ya mwenzake. Ni mambo hayo hayo yatakayomrudisha nyumbani salama. Mikono ya Musa ilipochoka, Haruni na Huri waliishika huku na huku hadi jua likatua (Kut 17). Hakuna aliyemdharau Musa kwa kuchoka.

Kwa hiyo mtoto wako akirudi, usianze kumwuliza amefika wapi. Mwulize alitembea na nani, na ni nani aliyemsubiri. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.