Usioshwe Mchana! Hivi Ndivyo Unanunua Shanga Nzito Za Flai Kwa Bei Poa

Mazee, kuna hustle moja imekuwa Kenya kitambo sana na mayut wengi wa mtaa hawana rada nayo. Ni kufunga flai, zile nzi bandia za kunasa samaki. Unachukua ndoano ndogo, uzi, manyoya ya kuku na waya kiasi, unafunga hadi inafanana na mdudu. Dazeni zikijaa, mzigo unaenda Ulaya na Marekani kwa wavuvi wenye mapenzi na samaki anaitwa trauti. Hata Fulling Mill, kampuni kubwa ya Uingereza, ina kiwanda chake cha flai hapa Kenya.

Na sio mzungu wa mbali peke yake. Trauti wako hapa kwetu pia, kwa mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Waliletwa 1905 kutoka Scotland na mlowezi Ewart Grogan, wakaachiliwa kwa mto Gura. Kwa hivyo kama uko Nyeri ama Nairobi na una mikono myepesi, hii kazi iko karibu na wewe.

Sasa shida inaanzia kwa kitu kidogo kuliko punje ya dengu: shanga.

Shanga inafanya nini kwa flai?

Trauti anakula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, karibu na mawe, si juu. Flai nyepesi inaelea ama inabebwa na mkondo kabla samaki hajaicheki. Ndio maana unavalisha ndoano shanga nzito pale kichwani. Inazama haraka, inafika kwa samaki, na ule mng'aro pia unamvutia.

Flai za aina hii zinatakwa sana. Lakini shanga ndio inaweza kuwa kitu ghali kuliko vyote kwa flai moja, kushinda ndoano, uzi na manyoya. Ukinunua vibaya, umefanya kazi ya bure wiki mzima. Na mbaya zaidi, kastoma akigundua umemwekea shanga feki, anarudisha mzigo wote na namba yako anafuta.

Jua aina kwanza, ndio uongee bei

Kuna aina tatu utakutana nazo.

Ya kwanza ni tungsteni. Hii ndio sonko. Kila sentimita moja ya ujazo ya tungsteni safi ina uzito wa gramu 19 na kitu, karibu sawa na dhahabu. Ya shanga huchanganywa na metali zingine kidogo, kwa hivyo inashuka kiasi, lakini bado inazama kama jiwe.

Ya pili ni shaba ya manjano, ile ya vitasa vya mlango na koki za maji. Yake ni kama gramu 8.5. Maanake saizi ikiwa sawa, tungsteni ina uzito mara mbili ya shaba hivi.

Ya tatu ni shanga za glasi, gramu 2.5 hivi. Hizi ni za maji tulivu na flai ndogo sana. Habari njema ni kwamba kwa glasi huhitaji kuagiza ng'ambo. Zile shanga ndogo za kutengenezea mikufu, zenye unaziona Kariokor, zinafanya kazi bora tundu lipite kwa ndoano.

Risasi je? Achana nayo. Ni sumu kwa ndege na kwa wewe unayeshika kila siku. Uingereza ilipiga marufuku uzito mwingi wa risasi wa kuvulia tangu 1987, na mbuga ya Yellowstone kule Marekani haitaki flai zenye risasi. Ukiweka risasi kwa mzigo wa kuuza nje, umejifungia soko mwenyewe.

Mbona tungsteni inauma mfuko?

Si tamaa ya duka pekee. Tungsteni inayeyuka kwa joto la nyuzi 3,422, kwa hivyo huwezi kuiyeyusha na kuimwaga kwa kalibu kama sufuria za Gikomba. Inasagwa kuwa unga, unga unabanwa kwa umbo la shanga, halafu inachomwa hadi ishikane. Hiyo ni gharama.

Pili, madini yenyewe yako kwa mikono ya wachache. Uchina inatoa zaidi ya asilimia 80 ya tungsteni ya dunia, na Februari 2025 iliweka masharti ya kuuza nje baadhi ya bidhaa zake. Bei ikapanda. Jirani yetu Rwanda pia anachimba, lakini hayo ni madini ghafi. Shanga bado nyingi zinatoka Uchina. Kwa hivyo ukiona mtu anauza "tungsteni" kwa bei ya shaba, shtuka.

Vile utajua kama ni ogi

Acha nikuchanue, huhitaji maabara.

Kwanza, mizani. Tafuta ile ndogo ya masonara, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Chukua shanga za milimita 3.3, ambayo ni saizi inatumika sana. Hesabu iko hivi: shanga 100 za shaba ya manjano za saizi hiyo, hata zingekuwa hazina tundu, haziwezi kupita gramu 17. Za tungsteni kwa kawaida zinakaribia ama kupita gramu 20, hata na tundu. Kama huna 100, pima 20 kisha zidisha kwa tano. Lakini hakikisha kwanza ni 3.3 kweli, juu saizi ikiongezeka kidogo tu uzito unaruka.

Pili, tupa. Kwaruza moja kwa nguvu. Rangi ikitoka na ndani iwe njano, hiyo ni shaba, umechezwa. Tungsteni ni ngumu sana na ndani ni kijivu. Ikikwaruzika kwa ukucha, hiyo ni risasi.

Tatu, usiamini sumaku peke yake. Tungsteni nyingine huchanganywa na nikeli ama chuma, kwa hivyo inaweza kuvutwa kidogo na bado ikawa halali. Ikirukia sumaku kama msumari, hapo ni chuma tupu.

Saizi: hapa ndio wengi hukula hasara

Shanga nzuri ya saizi mbaya ni takataka. Na kumbuka namba za ndoano zinaenda kinyume: namba ikipanda, ndoano inapungua.

- Milimita 2.0 inaenda na ndoano namba 18 hadi 20.
- Milimita 2.4 hivi inaenda na 16 hadi 18.
- Milimita 2.8 inaenda na 14 hadi 16.
- Milimita 3.3 inaenda na 12 hadi 14.
- Milimita 3.8 inaenda na 10 hadi 12.

Ukianza, usinunue zote. Chukua 2.8 na 3.3, zitakubeba kwa oda nyingi.

Cheki pia tundu. Shanga ya kawaida ina tundu dogo upande mmoja na kubwa upande mwingine. Ncha ya ndoano inaingilia tundu dogo, ili lile kubwa libaki likiangalia nyuma. Kama ndoano ina ule mwiba mdogo wa kuzuia samaki kutoka, ubonyeze na koleo kwanza. Halafu kuna ndoano zimekunjwa shingo. Hizo zinataka shanga iliyopasuliwa ubavuni. Ukiweka ya kawaida haikai vizuri, na ile ya kupasuliwa kwa ndoano ya kawaida inacheza cheza. Soma maelezo kabla hujatuma doh.

Hesabu ya bei: angalia shanga moja, si pakiti

Hapa ndio akili ya biashara. Tuseme duka moja onlaini linauza pakiti ya 25 kwa dola 6, na lingine pakiti ya 100 kwa dola 16. Macho yanakimbilia dola 6. Lakini hiyo ni senti 24 kwa shanga, na ile ingine ni senti 16. Ukifunga dazeni kumi, yaani flai 120, tofauti ni dola 9.60. Hiyo ni zaidi ya ngiri moja imehepa kwa mfuko wako.

Halafu ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Usiseme shanga ni bei fulani kabla hujajumlisha hizo.

Siri iko hapa: shanga 100 za 3.3 hazifiki gramu 40. Mzigo ni mwepesi, kwa hivyo mara nyingi unalipia safari ya bahasha, si uzito. Ukiagiza peke yako, unabeba hiyo gharama yote. Mkiwa mbogi ya watu watano mnaofunga flai, changeni M-Pesa, agizeni pamoja, mgawane. Ila oda ya kwanza kwa muuzaji mpya iwe ndogo. Pima, kwaruza, ndio urudi na oda kubwa.

Rangi pia inakula pesa. Dhahabu, fedha, shaba nyekundu na nyeusi zinatosha. Zile za waridi na machungwa chukua kastoma akiitisha.

Tungsteni si lazima kila mahali

Bei poa ya ukweli ni kutotumia tungsteni mahali haihitajiki. Kwa mabwawa na maji ya polepole, shaba inatosha kabisa. Ukitaka kuiongezea uzito, zungusha waya wa shaba nyekundu kwa ndoano chini ya manyoya. Huo waya uko kwa mota zilizokufa pale jua kali. Na kwa flai za baharini, kata macho mawili kwa ule mnyororo wa vijipira, wa chuma kisichoshika kutu, wenye unauzwa hardware.

Lakini oda ikisema tungsteni, weka tungsteni. Usijaribu kucheza na hiyo. Mvuvi akirusha flai kwa mto wenye kasi na isizame, atajua kwa dakika moja, na hatalaumu shanga. Atalaumu msee aliyefunga.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza "nunua" leo usiku, jiulize maswali manne: Ni ya maji gani? Ni ya ndoano namba ngapi? Shanga moja imefika kwangu kwa ngapi, na kila kitu ndani? Na ikifika, nina mizani?

Kama jibu la mwisho ni hapana, nunua mizani kwanza. Itajilipa na pakiti ya kwanza feki utakayoikataa.