Gunia Likimvunja Kibarua Mgongo, Nani Atamlipa?

Ndugu msomaji, kama umewahi kurauka alfajiri ukaenda soko la Kongowea kununua vitunguu au kabeji za jumla, basi mandhari yake unayajua. Malori kutoka bara yamepangana, mengine yamefika usiku wa manane. Juu ya lori kijana anasukuma gunia, chini mwenzake ametega mgongo. “Pisha mama, mzigo huo!” Wewe unaruka kando, unakwepa tope, kisha unaendelea kupatana bei.

Je, umewahi kujiuliza gunia lile likiteleza na kumvunja mgongo yule kijana, mkewe na wanawe watakula nini?

Jawabu la mtaani ni mchango. Marafiki watapitisha kofia, mwenye lori atatoa elfu moja au mbili “za soda”, na baada ya wiki mbili habari itasahaulika. Lakini fidia si sadaka. Ni haki iliyoandikwa katika sheria, na sheria hiyo huenda inakuhusu hata wewe uliyeketi nyumbani ukisoma ukurasa huu.

Sheria yasemaje?

Tangu enzi ya ukoloni Kenya ilikuwa na sheria ya kuwafidia wafanyakazi, iliyojulikana kama Sura ya 236. Mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Ilianza kutumika Juni 2008.

Kiini chake ni hiki: mfanyakazi akiumia akiwa kazini, mwajiri wake anawajibika kumlipa. Si lazima mfanyakazi athibitishe kwamba tajiri alizembea. Anayeweza kunyimwa ni yule aliyejiletea balaa kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huyo hulipwa iwapo amekufa au amepata ulemavu mkubwa, yaani wa asilimia 40 au zaidi. Ajali inayotokea katika gari ambalo mwajiri ametoa la kuwapeleka wafanyakazi kazini au kuwarudisha nayo huhesabiwa kuwa ya kazini.

Ili mwajiri asije akasema hana kitu, sheria inamlazimu kukata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi mitatu, au yote mawili.

Mwajiri ni nani?

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tukisikia neno “mwajiri” tunafikiria kiwanda cha Changamwe au kampuni za bandarini. La hasha! Mwenye lori aliyemwajiri utingo ni mwajiri. Mwenye duka la jumla aliyeweka vijana wawili wa kupanga magunia ni mwajiri. Fundi wa gereji anayemfundisha kijana kazi pia amo, kwa maana sheria inamtaja mwanagenzi. Nawe uliyemwandika msichana wa kazi nyumbani kwa mshahara, akiungua mafuta ya moto akikupikia maandazi, jua kwamba mwajiri ni wewe. Baadhi ya kampuni za bima huuza bima ya nyumba ambayo ndani yake mna kinga ya wafanyakazi wa nyumbani. Uliza.

Usijidanganye kwamba makato ya NSSF au ya bima ya afya yanatosha. Hayo ni mambo mengine.

Lakini tusidanganyane. Hamali mwenye mkokoteni wake, anayembebea huyu kwa shilingi hamsini na yule kwa mia, hana mwajiri. Yeye hujitegemea, na sheria hii haimfikii. Kinga yake ni akiba ya chama, au bima ya ajali anayojikatia mwenyewe.

Hesabu ya fidia

Mfanyakazi aliyeumia anastahili kugharamiwa matibabu, dawa na nauli ya kwenda hospitali. Akikaa nje ya kazi kwa siku tatu au zaidi, hulipwa kiasi cha mapato yake kwa muda atakaokuwa hawezi kazi, usiozidi miezi 12.

Akipata ulemavu wa kudumu, hesabu huanzia kwenye mapato ya miezi 96. Tuchukue mfano wa utingo anayelipwa Sh15,000 kwa mwezi. Zidisha mara 96, unapata Sh1,440,000. Daktari akisema ulemavu wake ni asilimia 20, fidia yake ni Sh288,000. Akipoteza mikono yote miwili au macho yote mawili, ni asilimia 100. Akifariki, wategemezi wake hulipwa kwa hesabu ya miezi hiyo hiyo 96. Linganisha fedha hizo na zile elfu mbili za soda!

Usikalie haki yako

Ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja, ikiwezekana kwa maandishi. Yeye ana siku saba za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Weka karatasi zote za hospitali, majina ya walioshuhudia, na chochote kinachoonyesha ulikuwa ukilipwa na nani. Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi usiyoielewa.

Dai lisipite miezi 12. Likishawasilishwa na Mkurugenzi, mwajiri au kampuni ya bima ina siku 90 za kulipa. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi, kisha waweza kukata rufani katika mahakama ya kazi. Kukimbilia mahakamani moja kwa moja hakufai tena. Mahakama ya Juu ilikata shauri hilo Desemba 2019.

Nawe mwenye mali, kumbuka kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kanuni za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Lumbesa haimpunji mkulima peke yake. Humvunja mgongo anayelibeba.

Basi ukienda tena Kongowea na ukasikia “Pisha mama!”, pisha. Lakini ukirudi nyumbani, mtazame anayekufulia na kukupikia, kisha ujiulize: yeye akianguka leo, mimi nimejiandaaje?