Mamogramu: Mambo ya Kutayarisha Kabla ya Kuondoka Sangailu

Kipimo chenyewe huchukua kama dakika 20. Safari ndiyo ndefu. Mama anayetoka Sangailu kwenda kupigwa picha ya matiti katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Garissa husafiri zaidi ya kilomita 100, huwaachia jamaa watoto na mifugo, na mara nyingi hulazimika kulala mjini. Akirudishwa kwa sababu ndogo, huenda asije tena. Ndiyo maana mengi yanafaa kutayarishwa kabla ya kupanda gari.

Mamogramu ni eksirei ya matiti. Hupigwa kwa mwanamke asiye na dalili yoyote, ili uvimbe uonekane kabla haujafikia ukubwa wa kuguswa kwa mkono. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Kenya. Mwaka 2020 wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa karibu 6,800. Ikigunduliwa mapema, matibabu huwa mepesi zaidi na matumaini ya kupona huwa makubwa. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2018 unapendekeza wanawake wa miaka 40 hadi 55 wapimwe kila mwaka, na wa miaka 56 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Walio chini ya miaka 40 kwa kawaida huanza kwa kukaguliwa na mhudumu wa afya kwa mikono, kwa sababu matiti ya wenye umri mdogo huwa mazito ndani na picha ya eksirei haisomeki vizuri. Wakihitaji picha, altrasaundi huwafaa zaidi.

Hayo yanamhusu asiye na dalili. Aliye na uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu iliyoingia ndani, ngozi iliyokunjamana au chuchu inayotoa damu asingoje kufikisha miaka 40 wala siku ya uchunguzi wa watu wengi. Aende kituo cha afya kilicho karibu wiki hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na hapo ndipo wengi hupoteza miezi.

Anayekwenda Garissa aanzie kwenye kituo cha afya, achukue barua ya rufaa na kuomba hospitali ipigiwe simu: je, mashine inafanya kazi siku hiyo, mtaalamu wa eksirei yupo, na malipo ni kiasi gani? Asiyejisajili na SHA anaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia *147#, kisha aulize hospitalini bima hiyo inalipia nini. Abebe kitambulisho na picha za zamani za matiti kama anazo. Anayepata hedhi achague wiki inayofuata baada ya hedhi kwisha, maana matiti hayaumi sana wakati huo. Wakati wa mvua, hali ya barabara iulizwe kwanza.

Asubuhi ya kipimo aoge kama kawaida, lakini asipake mafuta, poda, uturi wala dawa ya kuzuia jasho kwenye matiti na kwapani. Chembe za vitu hivyo huweza kuonekana kwenye picha kama alama za ugonjwa. Blauzi na sketi ni rahisi kuliko dera, kwa sababu nguo za juu pekee ndizo zinazovuliwa. Garbasaar inaweza kubaki mabegani hadi zamu yake ifike. Ana haki ya kuomba apigwe picha na mhudumu wa kike, na ombi hilo ni bora litolewe kwenye simu ile ya kwanza, wala si mlangoni. Mwenye mimba, au anayeshuku kuwa nayo, na anayenyonyesha waseme mapema. Kipimo hakina sindano wala dawa ya kumeza.

Ndani ya chumba mama husimama mbele ya mashine. Titi moja huwekwa juu ya kibao, na kibao kingine cha plastiki hushuka na kulibana kwa sekunde chache huku akiombwa kuzuia pumzi. Kila titi hupigwa picha mbili, kutoka juu na kutoka ubavuni. Inabana, na kwa wengine inauma. Akizidiwa aseme, mhudumu atapunguza. Kubana huko hakusababishi saratani wala hakuiamshi iliyolala, ingawa maneno hayo husikika sana. Mionzi inayotumika ni kidogo.

Picha husomwa na daktari bingwa wa eksirei, kwa hiyo majibu huenda yasitoke siku hiyo. Kabla ya kuondoka mama aulize yatatoka lini na yatapitia wapi, na aache namba ya simu inayopatikana, hata kama ni ya binti yake. Akiitwa tena, asidhani hukumu imetoka: wengi wanaoitwa kwa picha za ziada au altrasaundi hawakutwi na saratani. Wachache hutolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano kikachunguzwe maabara. Siku aliyoahidiwa ikipita bila habari, asichukulie kimya kuwa ni majibu mazuri. Apige simu, au amtume mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwake amuulizie.