Ulichangia, Hukununua: Somo Kutoka kwa Mashabiki wa Torment

Kuna tofauti kati ya kulipia kitu kilicho dukani na kuchangia kitu ambacho bado kiko kichwani mwa mtu. Kwenye simu yako vyote viwili vinafanana: unaweka kiasi, unaweka PIN, ujumbe wa uthibitisho unaingia. Lakini mambo yakienda mrama, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utarudishiwa pesa yako au la.

Siku hizi ukiwa na kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu, unaweza kuchangia mradi ulioko Marekani ukiwa umekaa tu Kitengela. Kwa hivyo tuangalie mradi mmoja uliochangiwa na maelfu ya watu, na kwa nini wengi wao walikasirika hata baada ya kupata walichoahidiwa. Au tuseme, sehemu ya walichoahidiwa.

Ilianzaje?

Mwaka 1999 kulitoka gemu ya kompyuta iitwayo Planescape: Torment. Ni zile gemu ambazo unacheza kama mhusika fulani, na uhondo wake si kupigana bali hadithi: kusoma, kuongea na watu, kufanya maamuzi. Haikuuza sana, lakini walioicheza hawakuisahau.

Machi 2013, kampuni ya inXile Entertainment ya Marekani, iliyoanzishwa na Brian Fargo, iliomba mchango kupitia Kickstarter ili kutengeneza gemu mpya yenye roho ile ile. Jina lake: Torment: Tides of Numenera. Waliomba dola 900,000. Lengo hilo lilipitwa siku ya kwanza tu, ndani ya saa chache. Mchango ulipofungwa mwezi Aprili, watu 74,405 walikuwa wametoa dola 4,188,927. Ukigawanya, ni kama dola 56 kwa kila mtu. Hiyo si pesa ya soda.

Kadiri pesa zilivyopanda ndivyo ahadi zilivyoongezeka. Tukifika kiasi hiki, tutaongeza wahusika wa kuandamana nawe. Tukifika kile, tutaongeza mahali pengine pa kutembelea. Ahadi hizi za ziada ndizo zilizofanya watu waongeze dau, na ndizo zilizoleta kelele baadaye.

Kilichokosekana

Gemu ilitarajiwa Desemba 2014. Ilitoka tarehe 28 Februari 2017, yaani zaidi ya miaka miwili baadaye. Kusema ukweli, kuchelewa watu wengi walikuwa wamekusamehe. Gemu yenye maneno zaidi ya milioni moja haiandikwi kwa wiki mbili.

Kilichouma ni kingine. Gemu ilipokaribia kutoka, wachangiaji waligundua kwamba baadhi ya ahadi hazimo. Wahusika wa kuandamana nawe walikuwa wamepunguzwa. Mfumo wa kujitengenezea vifaa ulikuwa umeondolewa. Mji uitwao Oasis haukuwepo kwa ukubwa ulioahidiwa. Tafsiri ya Kiitaliano nayo ilifutwa, wakati kuna Waitaliano waliokuwa wametoa pesa wakiitarajia.

Kampuni ilieleza kwamba iliamua kuweka nguvu zaidi kwenye sehemu zilizobaki. Hiyo si sababu mbaya. Hata wakosoaji wengi waliisifu gemu ilipotoka. Baadaye mwaka huo huo mhusika mmoja, Oom, alirudishwa bila malipo ya ziada. Lakini kwa mashabiki wengi swali halikuwa "mbona mlipunguza?" Swali lilikuwa "mbona hamkutuambia mapema?" Mtu aliyekupa pesa kabla hujajenga hata msingi anataka kusikia habari kutoka kwako, si kujigundulia mwenyewe.

Linganisha na Broken Age, gemu nyingine iliyochangiwa Kickstarter mwaka 2012. Lengo lilikuwa dola 400,000, wakapata zaidi ya milioni 3.3. Hata hivyo, katikati ya kazi waliona pesa haitatosha. Mwaka 2013 waliwaambia wachangiaji wazi kwamba gemu itagawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza ilitoka Januari 2014, ya pili Aprili 2015. Si wote waliofurahi, lakini walijua pesa yao iko wapi.

Mbona milioni nne haitoshi?

Kwa sababu pesa iliyochangwa si pesa iliyobaki. Kickstarter hukata asilimia 5 ya mchango uliofaulu. Kwa Torment hiyo pekee ni kama dola 209,000. Ongeza makato ya kuchakata malipo, kisha zawadi walizoahidiwa wachangiaji, na gharama ya kuzituma. Halafu lipa mishahara kwa karibu miaka minne. Yeyote aliyewahi kushika pesa za kamati ya harusi anaelewa haraka sana.

Pesa yako inatembeaje?

Kwenye Kickstarter, kadi yako haikatwi siku unayoahidi. Inakatwa mwisho wa mchango, na iwapo tu lengo limefikiwa. Lisipofikiwa, hakuna anayekatwa kitu. Kwa hivyo hakikisha salio lipo siku hiyo, na ukumbuke utakatwa kwa bei ya dola ya wakati huo.

Baada ya hapo pesa huenda kwa mwenye mradi. Kickstarter haihakikishi kazi itakamilika, na haitoi marejesho yenyewe. Madai yako ni kati yako na aliyeomba mchango.

Mchango wa hapa nyumbani kwa namba ya simu au Paybill huwa tofauti kidogo: pesa inaondoka papo hapo, lengo lifikiwe au lisifikiwe. Na hapa wateja wengi huchanganya mambo. Huduma ya kurudisha muamala ipo kwa ajili ya pesa iliyokwenda mahali pasipofaa, kwa mfano ulipokosea namba. Haipo kwa ajili ya ahadi isiyotimizwa. Ukimtumia mtu uliyemkusudia, kwa kiasi ulichokusudia, muamala ni halali hata kama baadaye atakuangusha.

Kabla hujabonyeza Tuma

- Tenganisha ahadi ya msingi na nyongeza. Jiulize: wakileta ile ya msingi tu, bado nitaridhika? Kama jibu ni hapana, subiri bidhaa itoke kisha ununue.
- Toa kiasi ambacho kikipotea hutakosa kodi ya nyumba. Mchango ni imani, na imani ina bei.
- Angalia kazi walizowahi kumaliza. Si walizotangaza, walizomaliza.
- Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN. Kama mchango ni wa kikundi na jina ni la mtu usiyemjua, uliza kwanza.
- Hifadhi ujumbe wa uthibitisho na picha ya ukurasa wa ahadi. Kurasa hubadilishwa. Ushahidi wako usibadilike.

Na kama wewe ndiye unayechangisha, iwe ni gemu, albamu au mradi wa chama, somo la Torment ni lako pia. Mipango ikibadilika, tuma ujumbe siku hiyo hiyo. Sema kilichoondolewa, kwa nini, na pesa iliyobaki ni ngapi. Watu watanung'unika, ndiyo. Lakini mwaka ujao ukiwaomba tena, watakuwa bado wanapokea simu zako.