KURA NA IKAGULIWE

Viwanja vikiwa vichache na waombaji wakawa wengi, viongozi hukimbilia kura ya bahati. Njia hiyo ni kongwe. Kurani Tukufu yatusimulia jinsi kalamu zilivyotupwa ili kumpata mlezi wa Bibi Maryam. Lakini jina la kura peke yake halileti haki. Aliyekosa lazima aweze kuhakikisha kuwa hakudhulumiwa.

Marekani ilionja uchungu wa jambo hili. Tarehe 1 Desemba 1969, Serikali yake ilipiga kura ya kuwaita vijana jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 za kuzaliwa zilitiwa ndani ya vikopo vidogo vya plastiki, zikachotwa mbele ya televisheni. Kumbe vikopo vilitiwa mwezi baada ya mwezi, na havikuchanganywa vya kutosha. Waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wakaelekea kuitwa mapema kuliko wenzao. Hata pasipo mwizi, haki ilipotea.

Zama hizi kura hupigwa na kompyuta, na hatari imezidi: nani atauona mkono uliojificha ndani ya mashine? Ndiyo maana mwaka 2019 ulianzishwa umoja uitwao League of Entropy. Miongoni mwa waasisi wake ni chuo cha EPFL cha Uswisi na Chuo Kikuu cha Chile. Kila mwanachama hushika katika kompyuta zake kipande au vipande vya ufunguo wa siri. Namba ya bahati haizaliwi mpaka wenye vipande, zaidi ya nusu yao, watie saini kwa pamoja. Mmoja peke yake hawezi kuijua mapema wala kuigeuza. Na ikishatangazwa, yeyote aweza kuikagua kwa ufunguo uliowekwa hadharani. Mwaka 2020 umoja huo ulianza kutoa namba mpya kila sekunde 30.

Hatusemi kila shehia inunue mitambo. Twasema somo lishikwe. Orodha ya waombaji ibandikwe kabla ya kura. Saa na utaratibu vitangazwe. Namba itoke kwa wengi wasioweza kula njama kwa wepesi. Kisha mwananchi aachwe ahesabu mwenyewe.

Kiongozi mwadilifu hapati hasara kwa kukaguliwa. Aliyekosa kiwanja kwa kura aliyoikagua hurudi kwake na subira. Aliyekosa kwa kura ya gizani hurudi na chuki, na deni la chuki hiyo tutalilipa sote.